Mjane Asiyejua: Jumapili Moja ya Aci Trezza

Katika sura ya tatu ya riwaya ya Giovanni Verga, I Malavoglia, chombo kinapotea baharini na watu wawili waliomo wanakufa maji. Msomaji hakioni kikizama. Hasikii kilio, haoneshwi hata ubao mmoja ukielea. Wala hakuna mtu katika sura hiyo anayemwambia mwenzake kwa maneno ya wazi kwamba Bastianazzo amekufa. Hata hivyo tunapofika mwisho wa sura habari tunayo, na imeshatukaa moyoni. Nimeirudia sura hii mara nyingi nikitafuta ni mstari gani hasa ulionipa habari hiyo, na kila mara naishia kwenye kishazi kimoja kidogo, kilichofichwa katikati ya sentensi inayozungumzia jambo jingine. Kukifikia kishazi hicho kunataka subira. Inabidi tushinde siku nzima na familia hii, tangu usiku wa manane hadi giza la jioni.

Riwaya ilichapishwa Milano mwaka 1881. Mahali pake ni Aci Trezza, kijiji cha wavuvi mashariki mwa Sicilia, safari fupi kutoka Catania, mji aliozaliwa Verga mwaka 1840. Mbele ya kijiji yamesimama majabali meusi ndani ya maji, nyuma yake uko Mlima Etna, na ufuo wenyewe ni mawe ya volkeno yaliyopoa zamani. Familia inaongozwa na mzee Padron 'Ntoni. Neno padron ni heshima anayopewa mwenye chombo. Mwanawe ni Bastianazzo, mkwe wake ni Maruzza, na wajukuu ni watano: 'Ntoni, Luca, Mena, Alessi na Lia. Jina lao rasmi ni Toscano, lakini kijiji kinawaita Malavoglia, yaani wavivu, watu ambao kazi hawaitaki, na wao ndio wachapakazi wa kijiji. Maruzza anaitwa la Longa, Mrefu, na ni mwanamke mfupi. Chombo chao kinaitwa Provvidenza. Sisi tungekiita Majaliwa.

Mjukuu mkubwa amechukuliwa jeshini Desemba 1863, na nyumba imepungukiwa mikono. Ndipo mzee anapoingia katika biashara. Anakopa lupini kutoka kwa mkopeshaji wa kijiji, zio Crocifisso, ili Bastianazzo azipeleke Riposto, ambako kuna meli ya Trieste inayopakia. Lupini ni jamii ya kunde, chungu kiasi kwamba hazilwi mpaka zilowekwe na kubadilishwa maji siku kadhaa. Hizi za mkopo zimeanza kuharibika, nasi tumeambiwa hivyo tangu sura ya kwanza. Chombo kinaondoka Jumamosi jioni. Menico, kibarua aliyemo pamoja na Bastianazzo, anapaza sauti kusema jambo, na bahari inalimeza neno lake kabla halijafika ufuoni.

Sura ya tatu inaanza baada ya usiku wa manane, upepo umechafuka. Tazama msimulizi anaufananisha na nini. Ni kana kwamba paka wote wa kijiji wako juu ya paa. Bahari inanguruma kwenye majabali kama ng'ombe waliokusanywa kwenye gulio la Mtakatifu Alfio. Asubuhi inatoka nyeusi kuliko roho ya Yuda. Na Septemba yenyewe ni msaliti, inakuangushia wimbi shingoni kama risasi ya mtu aliyekuvizia kwenye mipungate. Tashbihi zote hizi zimeokotwa ndani ya kijiji: kwenye paa, gulioni, kanisani, shambani. Verga alikuwa mtu wa ukoo wenye ardhi, msomi aliyeishi miaka mingi Firenze na Milano, na bila shaka alizijua tashbihi za kisomi za bahari iliyochafuka. Amezikataa. Anayesimulia hapa ni mtu ambaye ng'ombe wengi kuliko wote aliopata kuwaona ni wale wa gulio la Mtakatifu Alfio, na akitaka kukueleza ukubwa wa sauti hana kipimo kingine. Tena anakusemesha wewe. Septemba inakupiga wewe shingoni. Kabla hatujamjua mtu yeyote wa siku hiyo tumeshawekwa kwenye benchi pamoja na wanakijiji, tunatazama mvua.

Katika uhakiki wa Kiswahili tumezoea kumtaja msimulizi maizi, yule aliye juu ya wahusika wake, ajuaye la moyoni na la kesho. Msimulizi wa sura hii ameteremka. Anajua kile ambacho kijiji kinakijua, na kwa kiasi kile kile. La kutisha zaidi ni kwamba anathamini vitu kama kijiji kinavyovithamini.

Sentensi moja ya ukurasa wa mwanzo inatosha kulionesha hilo. Wanaume wamejikinga mvua: wengine kilabuni, wengine kwa kinyozi, wengine chini ya paa la bucha. Ufuoni, tunaambiwa, yuko Padron 'Ntoni. Kisha inatolewa sababu: ana ule mzigo wa lupini baharini, pamoja na Provvidenza, na juu ya hayo mwanawe Bastianazzo. Lupini kwanza, kisha chombo, kisha mtoto. Na mtoto ametiwa mwishoni kama dagaa wachache ambao muuzaji anakuongezea baada ya kipimo kujaa. Ukiisoma kwa haraka inapita. Ni maneno ya mtu yeyote pale kijijini anayemtaja jirani yake.

Verga haachii hapo. Karibu na mzee amesimama kijana mwingine, mwana wa la Locca, mama mwenye akili pungufu. Huyu, anasema msimulizi, hana cha kupoteza. Baharini hana kitu ila ndugu yake Menico. Naomba msomaji asimame hapa. Sarufi ya sentensi hiyo ni ya hesabu, nayo iko sawasawa: asiye na mzigo hana hasara, na ndugu si mzigo. Wahakiki wa Kiitalia wanaiita mbinu hii straniamento, yaani kuligeuza jambo la kawaida likawa geni machoni. Jambo la kawaida ni kwamba mtu anamlilia ndugu yake. Msimulizi analitaja kama jambo lisilo na uzito, kwa sauti tulivu, bila kukunja uso, na sisi tunaosoma tunabaki na mshtuko ambao yeye hakuuona. Mwandishi hakutia neno hata moja la kulaumu. Angelitia, sisi tungepumzika, maana lawama ya mwandishi ingelifanya kazi kwa niaba yetu.

Mchana wenyewe ni wa maongezi, na nitaupitia upesi. Padron Cipolla, huku akinyolewa ndevu, anasema kwamba yeye hangetoa hata senti mbili kwa Bastianazzo na Menico na chombo na lupini zote. Kisha anatoa methali ya mtu aliyempoteza nyumbu akabaki kutafuta kamba ya kumfungia. Methali zimejaa katika riwaya hii. Za Padron 'Ntoni huwa za kushikamana: familia kwake ni vidole vya mkono mmoja, na kila kimoja kina kazi yake kwenye kasia. Ya Cipolla inatumika kumdharau mtu aliyemo baharini. Chombo kile kile cha hekima, mikono tofauti. Wanafunzi wetu wanaofundishwa kwamba methali ni busara ya jamii wangefaidika kuziweka hizi mbili kando kwa kando. Kilabuni wanapigana ngumi za utani. Mmoja anasema akina Malavoglia hawaendi kanisani leo, wamemnunia Mungu kwa ajili ya lupini zao. Kengele inalia, misa inasomwa, na zio Crocifisso, aliyekopesha, anaonekana amepiga magoti akisali kwa sauti. Muda wote huo mvua inanyesha, na Maruzza hayumo katika maongezi isipokuwa kwa kutajwa.

Asubuhi tulimwona kidogo. Hakusema kitu, lakini hakutulia, alikwenda huku na huku ndani ya nyumba na uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Tashbihi hiyo inachekesha, na ingeweza kuwa dharau. Mimi naiona kuwa sahihi kabisa kwa mtu ambaye mwili wake umeshajua jambo ambalo kichwa kinalikataa.

Jua linapokuchwa anachukua watoto wake wadogo na kwenda kukaa kwenye mawe meusi ya volkeno, mahali ambapo bahari inaonekana kwa upana. Hapa maandishi yanapunguza mwendo. Mtoto mchanga analia, na kilio hicho kinamuumiza tumbo mama yake, anakihisi kama kisirani. Anajaribu kumwimbia kwa sauti inayotetemeka. Wanawake wanapita wakitoka kununua mafuta au mvinyo, wanasimama, wanabadilishana naye maneno mawili matatu kana kwamba hakuna jambo. Rafiki za mumewe nao wanapita. Wanatupa jicho baharini waone mzee huyo mnung'unikaji atalala na hali gani. Maana bahari, iliyokuwa ng'ombe alfajiri, jioni imekuwa babu mwenye hasira zake. Wanamuuliza Maruzza habari za mumewe. Wanakaa naye kidogo, wanavuta kiko kimya mbele ya pua yake, au wananong'onezana.

Hiyo ndiyo habari. Hakuna aliyeitamka. Maruzza anaisoma katika wema wao, kwa sababu wema huo haukuwapo jana. Verga anasema tu kwamba wema huo usio wa kawaida ulimtia hofu, akawa anawatazama nyuso kwa bumbuwazi na kumkumbatia mtoto kana kwamba wanataka kumwibia. Sijui mahali pengine katika riwaya za karne ya kumi na tisa ambapo huruma imetumiwa hivi, kama mjumbe wa kifo. Na waliowahi kukaa katika nyumba ya kungojea habari wanajua jinsi mtu anavyoanza kuwaogopa majirani wanaoleta chai.

Kisha mmoja wao anamshika mkono na kumwongoza nyumbani. Ni nani? Hatajwi jina. Msimulizi anamwita mgumu kuliko wote, au mwenye huruma kuliko wote. Lile neno dogo, au, limebeba uzito mkubwa. Kijiji hakijui kama kumtoa mwanamke pale ufuoni ni ukatili au ni upole, na msimulizi, ambaye hajui zaidi ya kijiji, anaacha yote mawili yasimame. Msimulizi maizi angechagua moja. Watoto wanamfuata mama wakiing'ang'ania sketi yake, kana kwamba wanaogopa wao pia wataibiwa kitu. Wizi ule ule uliokuwa katika hofu ya mama sasa umehamia kwa watoto. Kweli wameibiwa. Wao na mama yao wamelihisi hilo kabla ya kuambiwa.

Wanapita mbele ya kilabu. Wateja wote wanatoka mlangoni katikati ya moshi na kunyamaza, wakimtazama kama kitu cha ajabu. Mlangoni kakaa ombaomba kipofu, zio Santoro, na yeye ndiye wa kwanza kutamka sala ya Kilatini ya marehemu, chini ya pumzi. Anaongeza kwamba Bastianazzo alikuwa akimpa sadaka kila siku ambayo baba yake alimwachia visenti mfukoni. Kipofu ndiye anayesema kile ambacho wenye macho wamenyamazia. Na hapo hapo anaeleza hasara yake mwenyewe.

Sasa tumefika kwenye kishazi. Msimulizi anataka kutueleza jambo dogo tu, kwamba mwanamke huyo anamwita Bikira Maria, anarudia, anarudia tena. Hilo ndilo tendo kuu la sentensi. Ila mwenye kutenda hajatajwa kwa jina. Ametajwa kama yule maskini ambaye hakujua kwamba ni mjane. Neno mjane, ambalo sura nzima ililizunguka tangu usiku wa manane, limeingia kupitia mlango wa nyuma, ndani ya kishazi tegemezi, kana kwamba ni jambo ambalo wote tulikwisha kulijua na halina haja ya kutangazwa. Limetufikia sisi kabla ya kumfikia yeye. Kwa mwendo wa hatua chache, kutoka mlango wa kilabu hadi mlango wa nyumba yake, sisi tunajua na yeye hajui, na kwa ujuzi huo tumesimama upande wa wale walio mlangoni wanaomtazama apite. Kama nilivyosema, tuliwekwa kwenye benchi la kijiji tangu mwanzo. Gharama ya kukaa hapo inadaiwa sasa.

Lile neno maskini nalo lataka kuangaliwa. Katika Kiitaliano ni povera, poveretta, na linarudi tena na tena Maruzza anapotajwa jioni ile. Mtu anaweza kudai kwamba hapa Verga amejisahau, kwamba huruma ya mwandishi imevuja kupitia barakoa ya kijiji. Msomaji wa Kiswahili ana bahati ya kulielewa vizuri zaidi. Sisi tunalitamka neno maskini kila siku, barabarani, bila kusimama: maskini, yule mama, maskini, mtoto wa watu, na ndoo kichwani tunaendelea na safari. Ni huruma ya kweli, na haigharimu kitu. Msimulizi anampa Maruzza kile hasa ambacho wapita njia wanampa.

Mbele ya nyumba majirani wamekusanyika wakinong'ona. Wanawake wawili wanamjia, mikono imewekwa tumboni, bila kusema kitu. Asubuhi Maruzza ndiye aliyekuwa hasemi kitu; kwenye mawe ya volkeno vilevile, alisikiliza bahari bila kusema kitu. Kimya hicho hicho sasa kinamjia kutoka kwa wengine. Hapo ndipo anapofahamu. Anaingiza kucha katika nywele zake, anapiga ukelele, anakimbilia ndani kujificha. Nasi tumebaki nje. Verga hatuingizi.

Nje kuna sauti za barabarani, na ndizo zinazofunga sura. Zinasikitikia msiba, kisha zinasema kwamba chombo kilikuwa kimepakia: lupini za zaidi ya onza 40. Onza ilikuwa fedha ya ufalme wa zamani wa kusini, uliomezwa na Italia iliyoungana mwaka 1861. Moja ilikuwa sawa na lira 12.75, kwa hiyo mzigo ulikuwa zaidi ya lira 500. Kijiji bado kinahesabu kwa fedha ya serikali iliyokwisha kuondoka. Na kinahesabu lupini zilizoanza kuoza.

Wapo wanaousoma mwisho huu kama dharau ya bwana mwenye ardhi kwa maskini: tazama, wanalilia mzigo badala ya mtu. Sikubaliani nao. Sura ya nne inaanza kwa kutukumbusha kwamba lupini zilikuwa za mkopo, na kuanzia hapo riwaya nzima ni hadithi ya deni hilo. Luca anakufa vitani Lissa mwaka 1866. Nyumba yao yenye mti wa matunda uani inakwenda kwa mdai. Maruzza mwenyewe anachukuliwa na kipindupindu. Mzee anamalizia hospitalini, mbali na kitanda chake, na ni baada ya miaka mingi ndipo Alessi anapoikomboa nyumba. Watu wa barabarani jioni ile waliiona njia yote hiyo kwa mara moja, kwa sababu wao ni maskini na wanajua deni hufanya nini baada ya mazishi. Kauli yao ni katili, na pia ni sahihi. Verga amekataa kututenganishia mambo hayo mawili, na hapo ndipo ninapouona ukubwa wake kama msanii.

Mwaka 1947 Luchino Visconti alikwenda Aci Trezza kutengeneza filamu kutokana na riwaya hii, La terra trema. Waigizaji wake walikuwa watu wa kijiji wenyewe, wakisema Kisicilia chao, lugha ambayo Verga, aliyeandika Kiitaliano, aliifanya isikike tu katika mpangilio wa sentensi. Lupini zimeondoka katika filamu, na mahali pake pamekaa samaki wa kutiwa chumvi. Kuna picha ya wanawake waliojifunika shela nyeusi, wamesimama juu ya majabali wakingoja chombo. Ni picha nzuri sana, haisahauliki. Lakini inatueleza mapema mno. Wanawake wale wameshakuwa sanamu za msiba; jicho linajua kabla ya moyo kupata wasaa wa kukataa. Katika kitabu Maruzza yuko kwenye mawe akijikuna kichwa, hajui la kumfanya mtoto anyamaze.

Kitabu hiki kinatufaa sisi tulio na methali nyingi, majina ya utani, na desturi ya kumwita ami au mjomba mtu asiye ndugu, kama wao wanavyomwita zio mkopeshaji wao. Kwa atakayekitia Kiswahili nina ombi moja. Atakapofika pale mbele ya kilabu, mwanamke akipita na watoto wakiishika sketi yake, asilitoe neno mjane mafichoni kulifanya sentensi kamili. Aliache katika kishazi, pale Verga alipoliweka.